Kompyuta kwa mita: nani analipia saa tupu?

Amazon ilipofungua kwa majaribio EC2, huduma yake ya kukodisha kompyuta kupitia intaneti, Agosti 2006, mashine pepe moja (kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva kubwa) ilikodishwa kwa dola 0.10 kwa saa. Kwa senti kumi hizo ulipata nguvu ya kichakataji cha Xeon cha gigahetzi 1.7, kumbukumbu ya gigabaiti 1.75 na diski ya gigabaiti 160. Ikiwaka mwezi mzima, yaani saa 730, bili ni dola 73. Ikiwaka saa sita kwa siku 22 za kazi, bili ni dola 13.20. Tofauti ni dola 59.80, na hiyo ni bei ya saa tupu: mashine iko tayari, kazi haipo. Mnunuzi wa seva alikuwa akizilipia saa hizo zote kwa mkupuo, siku anayonunua, na hazikuonekana popote kwenye risiti. Watengenezaji wa seva wamekula saa tupu kwa miaka mingi, na wauza programu pia.

Basi hapa tunaipima huduma ya kulipa kadiri unavyotumia katika sura zake tatu: kompyuta ya mezani yenye mita, seva ya wingu, na programu. Kila moja tunaiuliza jambo moja: saa tupu sasa ziko mgongoni mwa nani?

Kompyuta ya mezani yenye mita

Mei 2006 Microsoft ilitangaza FlexGo, mpango uliokuwa umejaribiwa Brazili. Mteja alitanguliza sehemu ya bei, akaichukua kompyuta nyumbani, kisha akawa ananunua vocha za saa. Vocha ikiisha, mashine inajifunga mpaka aongeze. Akifikisha idadi ya saa iliyowekwa, mashine inakuwa yake. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikawasilisha ombi la hataza lililokwenda mbali zaidi, nalo likachapishwa Desemba 2008. Humo kompyuta inatolewa kwa bei ndogo, kisha kila kazi inatozwa kivyake. Mfano uliotolewa: kazi za ofisi dola 1.00 kwa saa ukitumia viini viwili kati ya vitatu vya kichakataji, michezo dola 1.25, kuperuzi mtandao dola 0.80. Moduli ya usalama ndani ya mashine ndiyo inayohesabu.

Chukua bei ya chini kabisa. Kuperuzi saa tatu kwa siku ni dola 72 kwa mwezi, dola 864 kwa mwaka. Kwa pesa hizo mtu ananunua kompyuta nzuri na chenji inabaki. Kosa liko kwenye kipimo: kompyuta iliyokaa mezani bila kazi haimgharimu mtu chochote cha maana, kwa hiyo mita inayohesabu saa inatatua tatizo ambalo mteja hana. Tatizo lake halisi ni mtaji wa kuanzia, na dawa yake inajulikana tangu zamani: mkopo.

Kwa mtengenezaji hali ni mbaya zaidi. Mita iko ndani ya kifaa anachokishika mteja, mwenye bisibisi na muda. Ili isichezewe inahitaji saa ya ndani isiyoweza kurudishwa nyuma, BIOS (programu ya kuwashia mashine) iliyofungwa kwa saini, na diski inayokubali kusomwa na ubao mama mmoja tu. Kila kufuli ni gharama, na kila kufuli linaharibika kwa namna yake. Betri ya saa ikifa, mashine haijui leo ni lini na inajifunga. Ubao mama ukiungua, salio linapotea isipokuwa kama lilihifadhiwa kwenye seva ya mtoa huduma, na mafaili ya mteja yanabaki ndani ya diski ambayo ubao mpya hauitambui. Simu zote hizo zinapigwa kwa kampuni inayopata faida nyembamba kwa kila kompyuta, ambayo imekwisha kuwalipa wauza vipuri huku pesa yake ikiingia matone kwa matone. Hapa saa tupu zimehamia kwa mtengenezaji, naye hana kifua cha kuzibeba.

Kilichosalia katika familia hii si mita tena. Google mwaka 2011 ilitangaza Chromebook za kukodi kwa dola 28 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi wa kampuni, na dola 20 kwa shule, mkataba wa miaka mitatu. Huko ni kununua kwa awamu na msaada wa kiufundi ndani yake. Intel nayo ilijaribu mwaka 2010 kuuza kadi ya dola 50 iliyofungua megabaiti moja ya kache (kumbukumbu ya haraka ndani ya chipu) na uwezo wa nyuzi sambamba (kiini kimoja kushika kazi mbili kwa pamoja) kwenye kichakataji cha Pentium G6951. Vitu hivyo vilikuwa tayari ndani ya chipu aliyokwisha kuinunua mteja. Watu walikasirika, na mpango haukudumu. Januari 2023 wazo likarudi kwenye Xeon za kizazi cha nne, safari hii kwa jina la Intel On Demand, likifungua vichapuzi vya kubana data na kusimba. Kwa mnunuzi wa seva elfu moja, mwenye mhasibu, jambo hilo angalau lina hesabu. Kwa mnunuzi wa kompyuta moja halina.

Seva ya wingu

Hii ndiyo bidhaa iliyofaulu, na sababu ni kwamba mita iko upande wa muuzaji, mahali ambapo saa tupu za mteja mmoja zinauzwa kwa mwingine. Kipimo nacho kimezidi kuwa chembamba. Mpaka Oktoba 2017 EC2 ilitoza kwa saa kamili: ukitumia dakika 61 unalipia saa mbili. Tangu hapo mashine za Linux zinatozwa kwa sekunde, kima cha chini sekunde 60. Lambda, huduma ya Amazon inayowasha kipande cha programu pale tu kinapohitajika, iliyotangazwa Novemba 2014, ilianza kwa vipande vya milisekunde 100, na Desemba 2020 ikashuka hadi milisekunde 1. Kazi ya milisekunde 12 ilikuwa inalipiwa 100. Sasa inalipiwa 12. Hakuna muuza seva aliyewahi kumpa mteja punguzo la namna hiyo kwa kubadilisha rula tu.

Lakini mita ina mitego, na karibu yote iko kwenye vitu visivyoitwa kompyuta. Bei zifuatazo ni za Amazon kwa eneo la mashariki mwa Marekani.

Kuzima si kufuta. Ukisimamisha mashine pepe, saa za kichakataji zinasimama, diski haisimami. Diski ya aina ya gp3 ni dola 0.08 kwa gigabaiti kwa mwezi, kwa hiyo mashine iliyolala yenye gigabaiti 500 inakula dola 40 kila mwezi. Kama ina anwani ya kudumu ya intaneti ya IPv4, ongeza dola 0.005 kwa saa, tozo ambayo tangu Februari 2024 inagusa hata anwani zinazotumika: dola 3.65 kwa mwezi kwa namba tu. Anayetaka kusimamisha kabisa achukue nakala ya diski, afute diski yenyewe, aachilie anwani, kisha arudi baada ya siku mbili kuangalia ankara.

Kutoa data ni ghali kuliko kuitunza. Terabaiti tano kwenye S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, ni takriban dola 115 kwa mwezi, kwa dola 0.023 kwa gigabaiti. Kuzitoa zote kwenda intaneti mara moja, baada ya gigabaiti 100 za bure, ni dola 0.09 kwa kila gigabaiti: takriban dola 441. Karibu miezi minne ya hifadhi kwa safari moja ya kutoka.

Mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu ni lango la NAT, yaani mlango wa seva za ndani kutokea nje. Seva zilizowekwa kwenye mtandao wa ndani zinavuta mafaili kutoka S3 kupitia lango hilo, linalotoza dola 0.045 kwa saa na tena dola 0.045 kwa kila gigabaiti inayopita. Gigabaiti 10,000 kwa mwezi ni dola 450, juu ya dola 32.85 za lango kuwepo tu. Dawa haina bei: unaunda kituo cha VPC (mtandao wako binafsi ndani ya wingu) cha aina ya lango kwa ajili ya S3, unaongeza njia yake kwenye jedwali la njia la mtandao huo mdogo, na data inapita humo bila tozo. Kazi ya dakika kumi. Haifanywi kwa sababu mfumo unafanya kazi vizuri bila hiyo, na ankara inaandika "NAT" bila kusema nani aliyepita hapo.

Na kengele ya bajeti kwa kawaida ni kengele tu. Inatuma barua pepe, haikati umeme isipokuwa umeiwekea hatua hiyo mapema, tena takwimu zake huchelewa kwa saa kadhaa. Kisa cha kawaida, kabla Lambda haijaanza mwaka 2024 kuyatambua na kuyakata yenyewe maduara ya S3, kilikuwa hiki: kazi ya Lambda inaamshwa kila faili jipya linapoingia kwenye ndoo (chombo cha mafaili cha S3), inalipunguza, inaandika matokeo kwenye ndoo ile ile, matokeo ni faili jipya, kazi inaamka tena, na duara linazunguka usiku kucha. Matokeo yaende ndoo nyingine, na uwekwe ukomo wa kazi zinazoweza kuwaka kwa pamoja. Ukomo huo ni breki inayoshika papo hapo.

Kichekesho kiko kwenye punguzo. Ukiahidi matumizi ya mwaka mmoja au mitatu, bei inashuka, hadi asilimia 72 kwa baadhi ya mipango. Mteja aliyekimbia kununua saa tupu anajikuta amezinunua upya, safari hii kwa mkataba.

Watengenezaji wa mashine

Kukodisha chenyewe si jambo geni kwao. IBM ilikuwa ikikodisha mashine zake mpaka amri ya mahakama ya Marekani ya mwaka 1956 ilipoilazimisha iziuze pia. Sun Microsystems ilikuwa ikiuza saa ya kichakataji kwa dola 1 mwanzoni mwa 2006, kabla ya EC2. Januari 2010 Sun ikawa mali ya Oracle. Kujua kwamba mita inakuja hakukutosha. Sun ilikuwa na wauzaji ambao riziki yao ni seva nzima, na mtu wa namna hiyo hawezi kumshauri mteja akodi saa moja.

Pigo lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba kampuni mia moja, kila moja ikiwa na kilele chake cha mzigo kwa siku yake, zilikuwa zinanunua vilele mia moja. Wingu linanunua kilele kimoja cha pamoja, ambacho ni kidogo kuliko jumla yao. Ya pili ni kwamba mnunuzi aliyebaki ni mkubwa kiasi cha kutohitaji nembo. Facebook ilianzisha Open Compute Project mwaka 2011 na kuweka hadharani michoro ya seva zake. Kampuni kama Quanta na Wiwynn zinatengeneza na kupeleka moja kwa moja. Amazon ilinunua Annapurna Labs mwaka 2015 na mwaka 2018 ikatoa chipu yake, Graviton. Google ilitangaza chipu yake ya akili bandia, TPU, mwaka 2016, Microsoft ikafuata na chipu ya Cobalt mwaka 2023. IBM iliuza biashara yake ya seva za x86 kwa Lenovo mwaka 2014, na ukisoma orodha hiyo unaelewa kwa nini.

Kuna na hili la umri. Mwaka 2020 Amazon iliongeza umri wa seva kwenye vitabu vyake kutoka miaka mitatu hadi minne, 2022 ikawa mitano, 2024 sita. 2025 sehemu yake ikarudi mitano. Mwenye seva 600,000 akizibadilisha kila miaka mitatu anaagiza 200,000 kwa mwaka. Kila miaka sita, 100,000. Umri wa vitabuni si lazima ulingane na wa kazini, ila muuza seva akiona namba hiyo inapanda anajua oda zinakwenda wapi.

Majibu yao ni mita ndani ya chumba cha mteja. HPE iliahidi Juni 2019 kwamba kufikia 2022 kila bidhaa yake itapatikana kama huduma, chini ya jina GreenLake. Dell ina APEX, Lenovo ina TruScale. Mashine zinaletwa kwako pamoja na akiba ya ziada ambayo haijawashwa, na unalipia unachotumia. Kwa aliyezuiwa na sheria kutoa data nje, ni huduma ya maana. Soma mkataba kwa jicho la mashaka mahali pawili. Kwanza kima cha chini: karibu kila mkataba una kiasi unacholipa hata usipowasha kitu, na kikiwa juu, mita ni pambo. Pili neno "kutumia": kiini kilichogawiwa mashine pepe kinaweza kuhesabiwa kimetumika hata kama mashine pepe yenyewe imelala. Mtengenezaji kwa upande wake anageuka benki. Anatoa mashine leo, anarudishiwa pesa zake kwa miaka mitatu hadi mitano. Anayeuza hivyo lazima awe na mtaji au mkopeshaji mwenye subira.

Programu

Hapa neno "lipa kadiri unavyotumia" linatumiwa ovyo. Usajili wa mwezi si mita. Adobe ilitangaza Mei 2013 kwamba baada ya CS6 hakutakuwa na toleo jipya la kununua moja kwa moja. Mkusanyiko kamili wa CS6 uliuzwa dola 2,599. Creative Cloud ikawa dola 49.99 kwa mwezi. Gawanya: miezi 52. Aliyezoea kukaa na toleo moja kwa miaka mitano aliumia, aliyekuwa akinunua kila toleo alipona, na anayehitaji Photoshop siku tatu kwa mwezi analipia na zile ishirini na saba. Saa tupu hazikuondoka. Zimekatwa vipande na kuuzwa kila mwezi. Juni 2024 serikali ya Marekani, baada ya kesi kupelekwa na tume yake ya biashara, FTC, iliishtaki Adobe kuhusu ada ya kuvunja mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Mita ya kweli haina ada ya kuondoka.

Kwa kampuni yenyewe ilikuwa dawa chungu iliyoponya. Mapato yalishuka kutoka dola bilioni 4.40 mwaka wa fedha 2012 hadi 4.06 mwaka 2013, yakapanda kidogo hadi 4.15, kisha 4.80 mwaka 2015. Mwaka 2023 yalikuwa bilioni 19.41. Bonde hilo la miaka miwili ndilo linalowaua wadogo. Anayetaka kuhama kutoka leseni kwenda usajili ahesabu kwanza kama ana mishahara ya kuvuka bonde.

Mita halisi ya programu iko kwenye hifadhidata kama Snowflake. Ghala, yaani kundi la mashine linalofanya hesabu, la ukubwa wa X-Small linakula krediti 1 (kipimo cha malipo cha Snowflake) kwa saa, na kila ukubwa unaofuata unazidisha mara mbili: Small 2, Medium 4, Large 8. Linatozwa kwa sekunde, kima cha chini 60 kila linapoamka. Shida iko kwenye mpangilio wa AUTO_SUSPEND, unaosema ghala likae muda gani bila kazi kabla ya kulala: ukiunda ghala kwa amri za SQL bila kuutaja, unakuwa sekunde 600. Sasa weka ripoti ya sekunde 20 inayojiendesha kila dakika 9 kwenye ghala la Medium. Dakika kumi za utulivu hazifiki kamwe, ghala halilali, na siku nzima ni krediti 96 kwa kazi isiyozidi dakika 54. Andika `ALTER WAREHOUSE jina SET AUTO_SUSPEND = 60;` na ripoti zile zile 160 zinakula takriban krediti 14. Kuna gharama: ghala likilala linaweza kupoteza kache yake, na ripoti inayosoma data nyingi itaanza polepole. Pima kabla hujashusha kila ghala.

Mgala muue na haki yake mpe. Machi 2022 Snowflake iliwaambia wawekezaji kwamba maboresho ya kasi yangepunguza mapato yake, kwa kuwa kazi ile ile ingetumia krediti chache, na bado ikayatoa. Lakini tatizo liko pale pale kwa kila anayeuza kwa mita: mhandisi wake akifanya kazi nzuri, ankara ya mteja inapungua. Nakala ya programu kwenye CD ilikuwa haimgharimu muuzaji karibu chochote. Sasa kila mtumiaji anayebonyeza kitufe anawasha mashine ambayo muuzaji anailipia kwa mwenye wingu. Kampuni ndogo inayotoza bei moja kwa mwezi huku yenyewe ikilipa kwa sekunde iko hatarini: asilimia ndogo ya wateja wazito inaweza kula faida ya wote. Weka ukomo wa matumizi tangu siku ya kwanza, maana kuuweka baadaye ni ugomvi.

Leseni za zamani nazo hazipatani na mita. Kwa kanuni za Oracle kwenye mawingu iliyoyaidhinisha, viini pepe viwili vyenye nyuzi sambamba ni leseni moja ya kichakataji. Mashine inaweza kupanda kutoka viini pepe 4 hadi 32 kwa wikiendi moja ya mauzo. Leseni zinapanda kutoka 2 hadi 16, na hizo hazishuki Jumatatu.

Waandishi wa programu huria waliumia kwa namna yao. Mwenye mita ndiye anayekusanya, hata kama programu imeandikwa na mwingine. MongoDB ilibadilisha leseni Oktoba 2018, Elastic Januari 2021, HashiCorp Agosti 2023, Redis Machi 2024. Kila mara lengo lilikuwa kumbana anayeuza saa za programu bila kumgawia aliyeiandika. Matokeo ni mchanganyiko: OpenSearch (kutoka programu ya Elastic) na Valkey (kutoka Redis) ni matawi yaliyozaliwa kutokana na ugomvi huo, na wateja wengi wa wingu wako huko.

Ununue au ukodi

Dropbox ilihamisha sehemu kubwa ya hifadhi yake kutoka Amazon kwenda kwenye mashine zake na kueleza, ilipojisajili kuuza hisa mwaka 2018, kwamba iliokoa dola milioni 74.6 kwa miaka miwili. 37signals, kampuni ya programu iliyotumia takriban dola milioni 3.2 kwa wingu mwaka 2022, ilinunua seva za Dell za takriban dola 700,000 na kuondoka. Wote wawili wana mzigo usiopanda wala kushuka sana. Hao ndio wateja wanaorudi kwa watengenezaji.

Hesabu ya kuamua ni fupi. Tuseme seva pamoja na umeme, nafasi na sehemu ya mshahara wa fundi kwa miaka mitatu ni dola 6,000. Gawa kwa saa 26,280: dola 0.228 kwa saa. Kama mashine inayolingana nayo inakodishwa dola 0.70, gawanya ya kwanza kwa ya pili: asilimia 33, takriban saa nane kwa siku. Kazi ikizidi hapo, nunua, ikipungua, kodi. Chukua vipimo vya siku 30 zikiwemo za mwisho wa mwezi, na usiangalie kichakataji peke yake, kwa kuwa hifadhidata nyingi hujaza kumbukumbu na diski huku kichakataji kikisoma asilimia 10. Kisha ongeza mstari wa data inayotoka. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya inaondoa ada za kuhama kutoka wingu moja hadi jingine kuanzia 12 Januari 2027. Data inayotoka kila siku kwenda kwa wateja wako haimo humo, na itaendelea kuhesabiwa kwa gigabaiti.